Maswali Yenu ya Muziki: Sting na besi lake

SWALI: Shikamoo kaka, mi nimekulia na The Police, ile bendi Sting alikokuwa akiimba na kupiga besi, juzi nimesikiliza albamu ya kwanza ya Sting akiwa peke yake nikashangaa, saksafoni kila kona na besi silitambui kabisa, kwani ni yeye anayepiga?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, una sikio! The Dream of the Blue Turtles, ya 1985, Sting kashika gitaa, besi kamwachia Darryl Jones aliyekuwa akipiga na Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi, dramu Omar Hakim wa bendi ya jazi ya Weather Report, kinanda Kenny Kirkland, na hiyo saksafoni iliyokushika ni Branford Marsalis, yani jamaa wa jazi watupu wanapigia nyimbo za pop ndo maana hazitulii sehemu moja. Besi kalishika kwenye Moon Over Bourbon Street tu, lile kubwa la kusimama. Rege ipo, Love Is the Seventh Wave, na kwenye Russians kuna melodi ya Prokofiev, mtunzi wa muziki wa klasiki, Mrusi mwenyewe! Mi hapo kwa Kirkland ndo huwa narudiarudia, sikiliza kinanda chake kwa hedifoni usiku, taratibu, utanielewa.