Kabla ya Kumwaga Tofali Jepesi la Kwanza, Nunua Mizani

Juzi msomaji mmoja wa Rongai ameniandikia: "Dada, nimeweka akiba, nataka kuanza kutengeneza matofali mepesi ya povu. Nasikia hayaharibu mazingira. Nianzie wapi?" Swali hili nimelijibu kwa simu mara nyingi, na kila mara nilificha yaliyonipata. Leo sifichi.

Nilianza Ruai, Nairobi, kwenye kiwanja cha kukodi, nikiwa na mashine ya kuchanganya, mashine ya povu na vibarua wawili. Kazi yenyewe huonekana rahisi. Unachanganya saruji, maji na mchanga laini uliochekechwa mpaka upate uji. Pembeni, mashine inapiga dawa ya povu kwa hewa hadi litoke jeupe na zito, likae mkononi bila kuchuruzika. Unalitia kwenye uji, unamwaga kwenye kalibu, kesho yake unafungua. Hakuna kokoto, hakuna moto. Matofali mepesi ya viwanda vikubwa, yaliyovumbuliwa Uswidi miaka ya 1920, ni mengine: huko hutiwa chokaa na unga wa alumini, gesi ya haidrojeni inauumua uji kama unga wa mandazi, kisha matofali hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 180 hivi.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kuta za ndani za nyumba ya ghorofa. Nikashikwa na haraka. Asubuhi moja nilikuta uji umeshuka vidole vitatu katika kila kalibu, juu pamebonyea kama sahani. Niligusa moja kwa kidole gumba, kikazama. Povu lilikuwa la majimaji, likapasuka kabla saruji haijashika. Mifuko 14 ya saruji ilipotea usiku mmoja. Ili nisichelewe, nikapeleka matofali ya siku tisa tu, kabla hayajakauka. Mwezi haukuisha, plasta ikapasuka kila kiungo. Mwenye nyumba aliniita mbele ya mafundi wote, akasema nimemuuzia mkate. Pesa yake nilirudisha yote, lakini neno lile bado linaniuma.

Kilichoniokoa ni mizani ya jikoni na kopo la lita moja. Kabla ya kumwaga, najaza kopo uji wenye povu na kupima, nikitoa uzito wa kopo lenyewe. Likisoma gramu 900, najua meta moja ya ujazo ya uji huo ina kilo 900, ilhali zege la kawaida hufika kilo 2,400. Likizidi 950 naongeza povu. Likiwa chini ya 850, simwagi hata mteja akiwa langoni. Tofali langu la sentimita 40 kwa 20 kwa 20, likiwa bado bichi, lina kilo 14 na ushei. La zege zito lisilo na tundu lingefika 38. Waulize wanaopandisha matofali ngazini kwa mabega.

Sasa hilo la mazingira, ndugu yangu, tuambiane ukweli. Saruji hutoka kwenye mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa gesi ya kaboni mbali na ile ya makaa. Mfuko wa kilo 50 huacha nyuma kilo 30 hadi 45 za gesi hiyo. Mimi hutumia mifuko saba kwa matofali 60 hivi. Kwa hiyo ile mifuko 14 niliyoitupa ilikuwa kama nusu tani ya gesi ya kaboni angani bila ukuta hata mmoja! Faida ipo: nguzo na msingi hubeba mzigo mdogo, lori hupunguza safari, na mashimo ya machimbo ya mawe kama yale ya Juja, yanayojaa maji ya mvua, hayaongezeki kwa ajili yako. Lakini faida hiyo yote huliwa na kundi moja la matofali yaliyozama. Usimwambie mteja unalinda mazingira kama hupimi.

Basi anza na kalibu chache. Pima kila mchanganyiko. Funika matofali kwa magunia mabichi siku saba, ukiyamwagilia asubuhi na jioni, kisha yaache kivulini yakauke hadi siku 28 zitimie. Usikubali yabebe slabu. Ni ya kujazia kuta kati ya nguzo. Na pima, nasema tena. Mteja akitaka matofali baada ya wiki mbili, mwelekeze kwa wauza mawe. Mimi nimeshawaelekeza watatu mwaka huu, na wawili wamerudi wakiwa tayari kusubiri.