Lodi aliyekana ulodi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ni kweli Uingereza iliwahi kuwa na waziri mkuu asiye mbunge wala lodi?

JIBU: Marahaba. Ni kweli. Alec Douglas-Home, Earl (cheo cha ukabaila) wa 14 wa Home, aliteuliwa Oktoba 1963 akiwa bado katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge. Siku chache baadaye akakana cheo chake cha kurithi ili aweze kugombea ubunge, kwa sheria ya mwaka huohuo iliyopiganiwa na Tony Benn, mpinzani wake wa chama cha Labour! Hilo hunichekesha kila nikilikumbuka. Kwa takriban wiki mbili hakuwa na kiti popote, mpaka aliposhinda uchaguzi mdogo Uskoti. Oktoba 1964 Harold Wilson akamng'oa. Mwishoni mwa 1974 alirudi kwa malodi, safari hii kwa cheo kisichorithiwa.