Kwa Nini Geti la Maegesho Haliioni Pikipiki Yangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda Dar es Salaam, siku hizi nabeba zaidi vifurushi vya maofisini. Kuna jengo lina maegesho ya chini, unachukua tiketi kwenye mashine. Gari likifika, tiketi inatoka. Nikifika mimi, kimya. Mlinzi anasema pikipiki ni nyepesi, geti halisikii uzito wake. Kuna mtu akaniuzia sumaku nikaifunga chini ya injini, haikusaidia kitu. Wiki iliyopita nikaamua kupita nyuma ya gari, mkono wa geti ukanishukia kwenye helmeti. Tatizo ni nini? Na zile taa za kijani na nyekundu darini zinajuaje kama nafasi imejaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nashukuru ulikuwa umevaa helmeti.

Mlinzi amekueleza kwa nia njema, lakini pale chini hakuna mzani. Angalia sakafu mbele ya mashine ya tiketi, utaona mstatili uliochorwa kwa mstari mweusi mwembamba kama kidole. Ndani ya mstari huo kuna waya wa shaba, nao ndio kihisi chenyewe. Sisi mafundi tunauita lupu. Nimezika nyingi. Unakata zege kwa mashine ya diski huku mwenzako anamwaga maji, kina kama sentimita 4, na pembe unazikata mshazari ili waya usikunjike vibaya. Kisha unauzungusha mara 3 au 4 katika mfereji uleule, ukiushindilia kwa kijiti. Kijiti, si bisibisi! Kijana wangu mmoja alitumia bisibisi, akachubua ganda la waya bila kujua. Masika yalipoanza, geti la kutokea likawa linafunguka usiku bila gari lolote, ikabidi tukate zege upya.

Waya huo hupitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo unazungukwa na nguvu ya sumaku inayogeukageuka. Metali ikija juu yake, iwe chuma au aluminiamu, ndani yake huzaliwa umeme mdogo wa kuzunguka unaopingana na nguvu ile. Hapo mapigo ya umeme kwenye waya yanaongezeka kasi kidogo. Kisanduku kilichounganishwa na lupu kinahesabu mapigo hayo, kikiona yamebadilika kinaiambia mashine kuna gari. Ndiyo maana sumaku yako haikufaa kitu: nguvu yake imetulia, haibadiliki, na lupu haina habari nayo. Aliyekuuzia amekula hela yako bure.

Tumbo la gari ni bapa kubwa la metali. Pikipiki ni nyembamba na injini yake iko juu. Ukisimama katikati ya mstatili, umesimama pale lupu inapohisi kidogo kuliko kwingine kote. Panda juu ya mstari wa pembeni, ule unaoelekea getini, magurudumu yote mawili yaukanyage. Hapo juu ya waya nguvu ya sumaku inapita katika ringi kutoka ubavu hadi ubavu, na ringi ya metali inahisiwa vizuri. Ikishindikana hata hivyo, kazi ni ya mwenye jengo. Kisanduku kina swichi ya kuongeza usikivu, na lupu inaweza kuchorwa kama namba 8 ili waya upite katikati.

Sasa helmeti. Chini ya mkono wa geti kuna lupu ya pili, kazi yake kuuzuia usishuke wakati kuna metali chini yake. Gari lilipoondoka, lupu hiyo haikukuona wewe, mkono ukashuka. Hata lori lenye tumbo la juu linaweza kupotea hivyo, maana lupu yenye upande mfupi wa mita 1 huhisi hadi sentimita 60 au 70 tu kutoka chini. Dawa yake ni jicho la mwanga, linalorusha mwale kutoka nguzo hadi nguzo na kumwona yeyote anayeukata. Kila mteja namwambia aliweke. Wapo wanaokataa ili kubana matumizi, na hilo linaniuma, kwa sababu wanaopigwa ni ninyi.

Taa za darini ni jambo jepesi. Kihisi cha juu ya kila nafasi hutoa sauti ambayo sikio halisikii na kungoja mwangwi. Kikiwa mita 2.4 juu ya sakafu tupu, mwangwi unarudi baada ya milisekunde 14 hivi. Pakiwa na gari lenye kimo cha mita 1.5 unarudi baada ya 5 hivi, taa inakuwa nyekundu.

Usipite tena nyuma ya gari. Subiri mkono ushuke kabisa, jipange juu ya mstari, na mashine ikigoma bonyeza kitufe cha msaada hata kama nyuma wanakupigia honi.