Jibu: Reli ya Bububu, mbona miaka haikubaliani?

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza reli ya Bububu, kule Zanzibar, ilianza lini, na umekwama kwa sababu pengine unaambiwa kituo cha Bububu ni cha 1879, pengine 1905. Kwanza zitenganishe reli mbili. Ile ya 1879 ni ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ikienda Chukwani, kusini ya mji, na mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi. Haikufika Bububu abadan.

Reli yako, ya Bububu, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani kuanzia 1905, maili 7 hivi, kutoka Ngome Kongwe kupitia Malindi. Serikali ikaichukua 1911, na katika miaka ya 1920 abiria wakahamia kwenye magari. Mimi hukagua picha kabla ya maandishi: ukiona gari la moshi limebanwa na nyumba za mji, kuta zinakaribia kugusa mabehewa, hiyo ni ya Bububu. Watu wengi mtandaoni huzichanganya, na inaniuma.

Halafu nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, uombe majalada ya kuanzia 1905. Wazee wa Bububu waulize pia waliyosikia kwa wazazi wao, ila usiwatajie mwaka. Watakurudishia huo huo uliowapa.