Usiiwashe Kwanza

Baba alipofariki tulikuta stoo, nyumbani Muheza, kompyuta yake ya 486, yaani ya prosesa ya miaka ya tisini, monita ya chogo na kopo la maziwa lenye disketi 23. Alikuwa mwalimu. Jioni zake za miaka mingi ziliishia kwenye kompyuta hiyo, akiandika kwa WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia, orodha ya maneno ya Kibondei na maana zake kwa Kiswahili. Aliigawa orodha kwa herufi kwenye disketi saba, na kila moja akaitolea nakala, kwa sababu hakupenda kuweka kazi yote mahali pamoja.

Mimi nikaichomeka mashine kwenye umeme siku hiyohiyo. Feni ilizunguka, kioo kikabaki cheusi, na punde nikasikia harufu ya kuungua. Pawa saplai ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukipata kompyuta ya zama hizo, usiiwashe. Ifungue. Mazabodi nyingi (bao kuu za ndani) za 486 na za 386 iliyoitangulia zina betri ya nikeli na kadimi, yenye umbo la pipa dogo, iliyolehemiwa kwenye ubao ili kutunza saa na mipangilio. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia nyembamba za shaba. Utaona ukoga wa kijani au bluu kuizunguka. Ikate uitoe, pasugue kwa mswaki na siki nyeupe, maana uchafu ule ni wa alkali, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Kwangu ilikuwa imeshakula njia nne karibu na tundu la kibodi, na fundi mmoja wa Tanga mjini alizirudisha kwa vipande vya waya, mchana kutwa akiwa na lenzi jichoni. Monita ya chogo usiifungue hata kidogo. Ndani yake hukaa umeme wa maelfu ya volti, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuichomoa ukutani.

Tangu hapo ndugu na marafiki wananiuliza: mtu atafute mashine yenyewe, au atumie emuleta, yaani programu inayoifanya laptop ya leo ijifanye kompyuta ya zamani? Kwa wengi jibu langu ni emuleta, na ninalisema bila kusita. DOSBox, emuleta ya kompyuta zilizotumia mfumo wa DOS, ni ya bure, imekuwepo tangu 2002, na inakubali kuendeshwa kwenye laptop dhaifu kabisa. Programu ikikimbia mno unapunguza mizunguko ya prosesa, jambo ambalo kwenye mashine za kale lilifanywa kwa kitufe cha turbo kwenye kasha. Umeme ukikatika hupotezi kitu kisichopatikana tena. Kama kazi yako ni nyaraka na unataka kuzichapa, chukua DOSBox-X, kwa sababu DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo.

Lakini emuleta haina kichwa cha kusoma disketi, na hapa ndipo mashine ya Baba ilipotufaa.

Kwanza nilinunua kisomea disketi cha USB. Kabla ya kuingiza disketi yoyote, vuta kile kifuniko cha chuma, zungusha sahani kwa kidole kupitia kitovu chake cha nyuma, uitazame kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe, huo ni ukungu, na hali ya hewa ya kwetu inaupenda. Disketi ya namna hiyo ukiisomesha, ukungu hukwaruza sahani, huchafua kichwa, na kichwa kichafu huharibu disketi inayofuata. Kisomea cha USB kilisoma 17. Sita kikazikataa.

Fundi alipomaliza kazi, nilizipeleka sita zile kwenye kompyuta iliyoziandika. Nne zikasomeka bila tabu. Fundi alinieleza sababu, nami naona ni jambo la kulijua kabla hujatupa chochote: kichwa cha kisomea kikikaa upande kidogo tu, kinaandika upande vilevile, na hakuna kitakachoyafuata maandishi hayo vizuri kuliko chenyewe. Kisomea kipya kilicho sawasawa kinapita pembeni. Ningekuwa nimeiuza ile 486 kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, herufi nyingine zingekwenda nayo.

Sasa mafaili yote yaliyosomeka yako kwenye laptop, kwenye simu na kwa dada yangu Arusha. Nayafungua kwa LibreOffice, programu ya kuandikia ya siku hizi, ninapotaka kunakili tu. Ninapotaka kuyasoma kama alivyoyasoma yeye, nafungua DOSBox, WordPerfect inatokea na ule uwanja wake wa bluu, F7 bado ndiyo ya kutoka.

Wapenzi wa michezo nawaambia neno moja zaidi. Mingi ya michezo ya DOS ilichorwa kwa nukta 320 kwa 200, picha ikibadilika mara 70 kwa sekunde. Kioo cha laptop kwa kawaida hubadilika mara 60, ndiyo maana mandhari inayosogea huonekana inashtukashtuka, na hakuna mpangilio wa emuleta unaoliondoa hilo kabisa kwenye kioo cha namna hiyo. Kama jambo hilo linakuumiza roho, tafuta monita ya chogo ukiwa bado unaweza kuipata. Kama halikuumizi, hela yako iache mfukoni. Na kama unachokitamani ni mguso wa kibodi ya zamani, nunua kibodi peke yake na kigeuzi cha USB chenye saketi ndani. Vile vya bei ndogo visivyo na saketi mara nyingi havifanyi kazi.

Ile 486 nimeiacha mezani, haina betri, imefunikwa kwa kitambaa. Diski yake ngumu ilikuwa imeshakufa, tumeweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash mahali pake. Disketi mbili bado hazijasomeka, nami naweka akiba ninunue Greaseweazle, kifaa kinachosoma sumaku yenyewe ya disketi hata pale kompyuta inaposhindwa kuielewa. Moja ina karatasi yenye mwandiko wake: S mpaka V. Nyingine ndiyo nakala yake.