Usibebe kanuni za barua taka kabla hujasoma leseni yake

Mkuu, unasema kichujio chako cha barua taka kiko chini ya GPL toleo la 2, ile leseni ya programu huria, na unataka kuchota kanuni za SpamAssassin, programu huria ya kuchuja barua taka, uzitie humo humo kwa kuwa "ni mistari ya regeksi tu", yaani ruwaza za kutafutia maneno. Nami nilisema hivyo hivyo, ikaniponza.

Nilichukua faili zake za .cf, zinazobeba kanuni hizo, nikafuta maelezo ya juu yaliyokuwa yananijazia skrini, nikaziunganisha zikawa faili moja. Kumbe maelezo yale ndiyo leseni yenyewe. Miezi ikapita, mtu aliyetaka kuifungasha programu yangu akaniuliza: huu mstari wa "score" wenye namba nne umetoka wapi? Sikuwa na pa kujificha. SpamAssassin huweka namba nne ili kila moja itumike kulingana na kama Bayes (njia ya kujifunza taka kutokana na barua zilizotangulia) na vipimo vya mtandao vimewashwa au vimezimwa. Programu yangu haikuwa hata na hiyo Bayes!

Ni kweli, mstari mmoja unaotafuta neno moja ni vigumu kuudai hakimiliki. Kule Marekani, kesi ya Feist ya 1991, iliyohusu kitabu cha simu, ilisema taarifa tupu hazina mwenyewe. Lakini mamia ya kanuni zilizochaguliwa na kupangwa ni habari nyingine, na Ulaya ina haki ya hifadhidata tangu agizo la 1996. Utabishana kanuni kwa kanuni mpaka lini?

Tangu toleo la 3.0 la 2004, SpamAssassin iko chini ya leseni nyingine huria, Apache 2.0. Free Software Foundation, shirika linaloandika GPL, wanasema leseni hiyo haipatani na GPL 2, ila inapatana na GPL 3. Basi angalia programu yako: kama umeandika "toleo la 2 au la baadaye", isambaze chini ya 3, ubakize leseni, ilani za hakimiliki na faili la NOTICE, na useme ulichobadilisha. Kama ni 2 peke yake, usizifungashe pamoja. Mimi niliishia kuifanya programu isome kanuni ambazo mtumiaji amejiwekea mwenyewe.

Kanuni za kuokota kwenye kurasa za watu ndizo mbaya zaidi. Pasipo leseni hapana ruhusa. Mwenye kanuni niliyemwandikia kuomba ruhusa hakujibu, nikafuta zake zote, nikaandika upya kutoka kwenye folda yangu ya taka. Zangu hukamata kidogo kuliko zake, hasa barua za utapeli wa urithi.