Maswali ya Wasomaji: Kibustani cha uani kinasaidia kweli hali ikiwa ngumu?

SWALI: Habari zenu. Mume wangu alipunguzwa kazini, sa hivi tunategemea kabiashara kangu na kenyewe kanayumba. Uani kuna nafasi kama ya kulaza magodoro mawili, nimeanza kulima mboga ila wifi yangu ananiambia napoteza muda, eti mboga ndo kitu rahisi kuliko vyote sokoni. Mimi nikiwa pale mawazo yanapungua. Je, najidanganya? Na nipande nini? – Mama Watatu

JIBU: Pole sana mama, na hujidanganyi hata kidogo. Wifi yako ana hoja moja ya kweli, hako kabustani hakatalipa kodi wala ada, unga na mafuta utaendelea kununua. Ila mboga inanunuliwa kila siku, na hela ndogo ya kila siku ndo inayotoboa mfuko bila mtu kuona, halafu siku ambayo hamna hata hiyo hela ndogo unatoka uani na kisu unarudi na mboga ya watoto, hiyo siku ndo utajua thamani yake. Na watu walishafanya hivi kwenye shida kubwa kuliko zetu. Mwaka 1943 wakati wa Vita Kuu ya Pili inakadiriwa Marekani kulikuwa na bustani za nyumbani kama milioni 20, na Kuba baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika 1991, mafuta na mbolea zikakatika, watu wa Havana wakaanza kulima viwanja vilivyokaa wazi katikati ya mji. Hawakuwa wanapoteza muda wale.

Kwa nafasi yako anza na majani, achana kwanza na kabichi na karoti maana zinakaa muda mrefu afu unavuna mara moja basi. Mchicha ukipata maji unaanza kuchuma ndani ya wiki tatu mpaka nne. Mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndo umwage, funika kaudongo kadogo sana, ukizika chini hazioti. Na usimwage zote! Hapa ndo wengi wanakosea, wanapanda tuta zima siku moja, wanakula mboga mpaka inawakinai, afu mwezi mzima hamna kitu. Panda kipande, baada ya wiki mbili kipande kingine, hivyo hivyo. Ukichuma usiung'oe, kata juu uache shina na majani ya chini litachipua tena. Pembeni weka kunde, majani yake ni mboga, na mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, mabaki yake ukiyafukia udongo unapata chakula bure.

Samadi iwe imeoza kabisa, hasa ya kuku, ikiwa mbichi inaunguza miche. Maji mwagia asubuhi kwenye shina na utandaze nyasi kavu juu ya udongo, unyevu unakaa. Maji uliyooshea mboga yanafaa kabisa, yenye dawa ya kung'arishia nguo usimwage hapo.

Sasa hilo la mawazo kupungua, mimi naliweka juu kuliko hata mboga yenyewe. Kazi ikiisha mtu anabaki anasubiri watu, nani atapiga simu, nani atalipa deni, yaani kila kitu kiko mikononi mwa wengine. Pale kwenye tuta umemwagilia jana leo unaona kajani kapya, ni kitu umekifanya wewe na kimekubali. Mwite na baba watoto, usimwambie aje kusaidia, mpe tuta lake mwenyewe apange anachotaka. Mtu aliyepoteza kazi anahitaji pa kuamkia.

SWALI: Mboga zangu zimekuja kwa pamoja, majirani wanaomba kila siku. Niuze au nigawe?

JIBU: Gawa, ila wape na miche, mwezi ujao na wao watakuwa na za kwao mnabadilishana, wewe kunde yeye majani ya maboga. Ukibakiwa na nyingi uza, hakuna ubaya. Mchicha wenye afya miwili mitatu usiuguse, uache utoe maua na ukomae upate mbegu. Nyingine kausha, chovya majani kwenye maji yanayochemka dakika chache, yachuje, yatandaze kivulini penye upepo maana jua kali linapunguza vitamini A, yakishakuwa makavu ya kuvunjika yatie kwenye chombo kikavu ufunike vizuri, utayapika kipindi mvua zimekata.